Mtoto wa Huku

Wiki mbili zilizopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Kibondo, nimeinamia sufuria ya maharage niliyoyaunga kwa mawese, na binti yangu Neema amesimama mlangoni akichezea simu. Nikaonja. Nikatikisa kichwa nikasema, "Maharage ya siku hizi hayana ladha. Sisi tulipokuwa wadogo Heru Juu, maharage yalikuwa maharage."

Neema hakuinua macho. "Mama, unasema hivyo kila siku," akasema. "Na jana ulisema hivyohivyo, halafu ukala sahani mbili."

Hakusema kwa ubaya, akaondoka zake na simu yake. Mimi nikabaki na mwiko mkononi. Si maneno yake yaliyonishika, ni yangu mwenyewe. Niliyajua maneno yale. Niliyasikia utoto wangu wote kwa sauti nyingine, tena yakisemwa juu ya maharage yaleyale ya Heru Juu ambayo leo nayasifu. Baba yangu alikuwa akiyala na kuyalaumu. Kwake yeye hayakuwa maharage hata kidogo.

Ninyi wa rika langu mnajua tunavyopenda kukaa kitako tukaizungumza zamani. Tukikutana msibani au baada ya ibada, haichukui muda mrefu mtu mmoja anaanza: maziwa ya zamani, heshima ya zamani, mvua ya zamani. Nami huwa naitikia. Lakini siku ile harufu ya mawese ilinirudisha nyuma kwa njia ambayo sikuitaka, mpaka kwenye majira fulani ya utoto wangu ambayo kwa kweli yangenifundisha kunyamaza, kama ningekuwa mtu wa kufundishika upesi.

Wazazi wangu walitoka Burundi wakikimbia, dada yangu Skola akiwa mgongoni mwa mama, hajaanza hata kutambaa. Walifika kijiji cha Heru Juu, upande huu wa mpaka, wakapokelewa na mwanamke mmoja Muha aliyeitwa Bibi Anyesi, mjane, ambaye aliwaonyesha kipande cha shamba lake akawaambia walime hapo mpaka watakapojua la kufanya. Mimi nilizaliwa hapo, miaka miwili baadaye. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo sikupata shida ya lugha. Nilicheza na wajukuu wa Bibi Anyesi, nilichota maji nao bondeni, na mtu mgeni akituona asingeweza kusema nani ni nani.

Ila nyumbani tulikuwa na neno letu moja: *iwacu*. Maana yake ni kwetu, lakini mimi sikujua kuwa lina maana. Nilidhani ni jina la mahali, kama Manyovu au Kasulu. Baba alilitamka kila siku. Iwacu maji ya chemchemi yalikuwa baridi hata mchana wa jua kali. Iwacu ndizi zilikuwa zinaivia mgombani bila kuharibika. Iwacu maharage yalikuwa yanayeyuka mdomoni, si kama haya ya huku ambayo mtu anatafuna kama kokoto. Hata jua la iwacu lilichwa vizuri zaidi, nyuma ya mlima wa maana, si nyuma ya vichaka.

Siku moja shuleni mwalimu alitundika ramani ukutani akatuuliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, Iwacu iko wapi?"

Mwalimu alikuwa Muha, akacheka, na darasa zima likacheka naye. "Iwacu?" akasema. "Si hapo unapolala?"

Nilikaa chini nikiwa na aibu, nikiamini mwalimu hajui jiografia.

Kwa kuwa kila cha iwacu kilikuwa chema na kila cha huku kilikuwa hafifu, akili yangu ya kitoto ilipiga hatua moja mbele, ambayo sikumwambia mtu. Skola alizaliwa iwacu. Mimi nilizaliwa huku. Kwa hiyo Skola alikuwa mtoto wa kweli, na mimi nilikuwa kama yale maharage.

Mtoto akishaamua jambo, ushahidi hauna shida kupatikana. Baba alimwita mama "Mama Skola," na mama alimwita baba "Baba Skola." Hakuna aliyewaita kwa jina langu. Baba alikuwa akimtazama Skola anapofagia uwanja, anasema, "Huyu ana paji la uso la mama yangu." Mimi nilikwenda kujitazama kwenye maji ya ndoo ili nione paji langu ni la nani, nikaona ni paji tu. Leo najua kuwa kila mzazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Lakini wakati ule lilikuwa jiwe ndani ya kiatu, na nilitembea nalo.

Nikaamua kujigeuza kuwa mtu wa iwacu. Nilianza kutamka maneno kama baba, kwa kuyavuta. Nikinywa maji nilikunja uso. Na mchana mmoja, tumekaa wote tunakula, nikasukuma sahani yangu nikasema kama mtu mzima, "Maharage haya si kitu."

Nilimtazama baba, nikitegemea atafurahi. Baba alikuwa anatafuna, wala hakunisikia vizuri. Aliyenisikia ni mama. Aliyapanda yeye maharage yale, akayapalilia, akayavuna, akayapura, akayapembua na kuyapika. Aliacha mwiko ndani ya chungu akanitazama kwa muda. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na wewe?" kisha akaendelea kupakua. Maneno hayo mawili nimeyabeba mpaka leo.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na kila masika ilivuja mahali papya. Majirani zetu wengi walikuwa wameanza kufyatua matofali na kuyachoma. Baba alikuwa na nguvu, angeweza. Lakini alikataa. "Mtu hajengi njiani," alikuwa akisema. Hakupanda kahawa wala parachichi, wala chochote kinachomngoja mtu zaidi ya msimu mmoja. Maharage, mahindi, muhogo wa muda mfupi, basi. Mali zetu chache zilikaa ndani ya sanduku la bati lililofungwa kamba, kana kwamba gari lingepiga honi wakati wowote. Miaka kumi na mmoja walikuwa wamekaa Heru Juu namna hiyo, wakiwa wamesimama, kama wageni waliokataa kiti.

Nilipokuwa na miaka tisa, nilirudi shule mchana nikamkuta mama nyuma ya migomba, yeye na Bibi Anyesi, wamechuchumaa. Walikuwa wanapanda miche ya kahawa, imefungwa kwenye maganda makavu ya mgomba. Kumi na minane, niliihesabu. Mama aliponiona alijifuta mikono kwenye kanga.

"Usimwambie baba yako kwanza," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Bibi Anyesi akacheka kidogo. "Mtoto huyu hana neno," akasema.

Nilikuwa nalo. Baba aliporudi kutoka kupalilia, kabla hajaweka jembe chini, nilimkimbilia nikamwambia mama amepanda kahawa nyuma ya migomba. Nilimwambia kwa yale matamshi yangu ya kuvuta. Nilidhani hatimaye nimepata kitu cha kumpa ambacho Skola hana.

Baba alikwenda kutazama. Tukamfuata. Alisimama juu ya ile miche kwa muda, halafu akainama akaanza kuing'oa, mmoja mmoja, bila hasira, akiilaza kandokando ya njia kama mtu anayepanga kuni. Hilo ndilo lililonitisha. Angekuwa na hasira ningeelewa.

Mama akasema, "Baba Skola, kahawa inachukua miaka mitatu tu kuzaa."

"Miaka mitatu?" baba akasema. "Unataka kunizika huku?"

"Tumeshakaa kumi na mmoja," mama akasema.

Baba akainama tena. Akang'oa mche wa mwisho, akajikung'uta udongo, akaingia ndani. Mama alinitazama mara moja tu, nami nikatazama chini. Siku kadhaa zilizofuata alinipikia, alinisuka, alinituma, lakini hakuniimbia. Mama alikuwa na kawaida ya kuimba nyimbo za kwaya akiwa anafanya kazi, na nyumba ilikuwa kimya mpaka kuku walionekana kushangaa.

Haukupita muda mrefu habari zikaja kwamba watu wanavuka kwenda kutazama ndugu na kurudi salama. Baba akakopa baiskeli kwa jirani. Alisema anakwenda kuangalia kilima chetu kule Burundi na shamba la baba yake, kisha atarudi atuchukue, tukishavuna. Asubuhi ya kuondoka alimwambia Skola avae viatu.

Skola alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Hakuwa ameomba. Baba alisema tu, "Huyu alizaliwa kule, acha apaone." Akampandisha nyuma ya baiskeli, juu ya mkeka uliokunjwa, na wakashika njia ya Manyovu, iendayo mpakani. Skola alinipungia mkono. Mimi sikumpungia. Nilikuwa nimesimama pembeni ya nyumba, na jambo ambalo nilikuwa nalishuku kwa miaka sasa lilikuwa limethibitishwa mbele ya macho yangu, mchana kweupe: kwenda kwetu anachukuliwa mwenye kwao.

Siku mbili nilikataa kula. Siku ya tatu mama aliniambia, "Vua sare, njoo," akatangulia kushuka bondeni.

Huko tulimkuta Bibi Anyesi na wanawake wengine wanne wa kijijini. Walikuwa wamechimba shimo la udongo karibu na kijito, na wamemwaga maji. Mama akafunga kanga yake juu ya magoti akaingia. Kisha akanigeukia. "Kanyaga," akasema.

Sijui kama mmewahi kukanyaga udongo wa matofali. Kwanza udongo unakuwa baridi mpaka wewe unapiga kelele, halafu unakunyonya mguu, na kila unapoinua mguu unatoa mlio ambao hakuna mtoto anayeweza kuusikia bila kucheka. Nilijikaza nisicheke. Nilikuwa na msiba wangu, nilitaka kuuheshimu. Lakini mama alikanyaga karibu yangu, na mguu wake ukatoa mlio wa aina ile, mrefu, na Bibi Anyesi akasema, "Mama Skola, omba samahani," na wanawake wote wakaangua kicheko, na mimi nikashindwa.

Tulifanya kazi ile kila nilipotoka shule, kwa majuma. Wanawake walijaza udongo kwenye kalibu ya mbao, wakasawazisha kwa kiganja, wakageuza na kuinua, na tofali likabaki pale limekaa, lina pembe nne, kama mtu aliyeambiwa karibu. Kazi yangu ilikuwa kuyafunika kwa majani ili yasikauke haraka yakapasuka. Nilijifunza kusikia kwa mkono tofali lililo tayari. Nilijifunza kijito kile, mahali penye mchanga na mahali penye utelezi, na vyura wadogo wa kahawia waliokaa chini ya majani yangu. Nilikuwa nimechota maji pale maisha yangu yote na sikuwahi kupaona, kwa sababu siku zote nilikuwa nakunja uso kwa ajili ya Iwacu. Nadhani yale ndiyo majuma ya kwanza katika maisha yangu ambayo sikutamani kuwa mtu mwingine.

Mama alianza tena kuimba.

Siku moja tumekaa kupumzika, nikamwuliza kwa nini anafyatua matofali wakati baba anarudi kutuchukua. Mama alikuwa anabandua udongo mkavu kwenye mkono wake.

"Akirudi akasema twende, tutakwenda," akasema. "Matofali tutamwachia Bibi Anyesi, ametufaa. Lakini mwaka huu sitaki kungoja nimesimama. Nimechoka miguu."

"Mimi pia nitakwenda?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kwa nini usiende?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba mimi ni wa huku, na vya huku si kitu, na ndiyo maana baba amemchukua Skola. Niliyasema upesi nikitazama miguu yangu yenye udongo. Nilidhani atacheka kama mwalimu. Mama hakucheka. Alibandua udongo wa mwisho mkononi, kisha akasema, "Hilo mwulize yeye mwenyewe. Nikikujibu mimi utasema nakubembeleza."

Baba na Skola walirudi alasiri moja, mawingu yamejaa. Tuliwaona kwa mbali wakipanda kilima wanasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limejazwa majani badala ya tyubu. Baba alikuwa amekonda. Mama alisimama uwanjani, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake rundo la matofali limefunikwa majani, refu kuliko mimi. Hakujaribu kulificha. Nilishika kanga yake, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba aking'oa miche kumi na minane, na nilijua anachoweza kufanya kwa utulivu.

Baba aliegemeza baiskeli. Akasalimia. Akalizunguka lile rundo polepole, akafunua majani upande mmoja, akatoa tofali, akaligonga kwa kidole.

"Haya ya chini mliyaanika juani," akasema. "Yana nyufa."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ya juu ni mazuri," baba akasema. Akalirudisha tofali mahali pake, akaweka na majani yake. "Tanuru mtaliweka upande gani? Upepo unatoka kule."

Mama akaonyesha kwa mkono. Kisha akaenda kuwatengea maji ya kuoga.

Habari za safari tulizipata kwa Skola, kwa kuwa baba hakuwa msemaji siku ile. Kilima kilikuwepo. Katika shamba la babu waliishi watu wengine, mume na mke na watoto, ambao walipewa shamba hilo na watu waliopewa na wengine. Walikuwa watu wazuri, waliwapa pa kulala na chakula. Kaburi la bibi, mama yake baba, lilikuwepo, na yule mwanamke alikuwa akilipalilia kila mwaka bila kujua ni la nani. Baba alikaa pale asubuhi nzima. Halafu akamshika Skola mkono, wakaenda kwenye chemchemi.

"Baba akanywa," Skola akasema. "Akanywa tena. Halafu akaniuliza, 'Skola, haya na ya kwenye kijito chetu Heru Juu, yapi yana baridi?'"

"Ukamwambiaje?" mama akauliza.

"Nikamwambia ni sawa tu. Akasema, 'Ego, ndiyo, ni sawa tu.' Akacheka. Kisha akalia. Nami nikalia. Baadaye tukaenda kula."

Jioni ile mama aliandaa maharage na ugali wa muhogo. Hakuwa amepika kitu cha pekee, ni chakula cha siku zote. Baba alikula kimya, akamaliza, akasogeza sahani. Tulidhani anainuka. "Niongezee," akasema. Na mama alipokuwa anampakulia, akasema tena, akitazama sahani na si mtu, "Maharage haya matamu."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisifu kitu kilichokuwa mbele yake. Mama aliinamia chungu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake baba aliniita nyuma ya migomba. Aliposimama mahali pale pa miche nilidhani nitachapwa kwa umbea, na nilikuwa tayari, kwa sababu nilistahili. Alikuwa na jembe. Akaniambia mama yangu amemweleza kwamba nina swali.

Nilimwuliza nikilia. Nilimwambia, Skola ni wa iwacu na mimi ni wa huku, na wewe umesema vya huku si kitu.

"Nani alikwambia wewe si kitu?"

"Wewe. Ulisema maharage, na maji, na ndizi, na jua."

Baba alikuwa mtu mrefu. Alijikunja akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, na mara ya kwanza nikaona kwamba ndani ya macho ya baba mlikuwa na michirizi midogo myekundu, ya vumbi la safari.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema. "Skola nilikimbia naye. Nilikuwa nambeba na huku natazama nyuma. Wewe ulizaliwa nimekaa chini. Ulikuwa kitu cha kwanza nilichokishika bila kutazama nyuma." Akatazama jembe lake. "Halafu nikasahau. Nikaanza tena kutazama nyuma. Kosa hilo ni langu, si lako."

Sikuelewa yote. Nilielewa sauti yake. Akanipa jembe, kubwa kunizidi, akashika mpini juu ya mikono yangu, na tukachimba shimo la kwanza. Bibi Anyesi alituletea miche mingine, na safari hii hatukuifunga siri. Tulipomaliza, baba alikwenda kwa yule bibi mwenyewe, akapiga magoti kama mtoto, akamshukuru kwa shamba. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amefanya hivyo vizuri, kwa kuwa mtu aliye njiani hashukuru kwa kiti. Anaomba tu radhi kwa kukikalia.

Nyumba ilijengwa. Kahawa ilizaa. Haya ni mambo ya kawaida na sitayarefusha. Baba hakuacha kuipenda kwao, wala sisi hatukumtaka aache. Alisimulia habari zake, lakini alizisimulia kama mtu anayesimulia habari za rafiki aliye mbali, hakuzitumia tena kupimia chakula chetu. Alipopata uraia wa huku miaka mingi baadaye, aliikunja ile karatasi akamkabidhi mama, akauliza kama mbolea imefika.

Nimesoma tena niliyoandika hapa, na nimeona jambo linaloniaibisha. Nimemwandika baba yangu kama marehemu. Baba alikuwa hivi, baba alikuwa vile. Baba hajafa. Mama alitutangulia, na Bibi Anyesi zamani sana, lakini baba yuko Heru Juu, mzee sana, masikio mazito, magoti yanamsumbua, na kutoka hapa kwangu hadi kwake ni asubuhi moja tu barabarani. Nilikuwa nimekaa Kibondo nikimkumbuka mtu ambaye ningeweza kumsalimia.

Jumamosi iliyopita nikapanda gari mpaka Kasulu, nikachukua bodaboda. Nilikuwa nimebeba daftari. Nilikusudia kumwuliza kila kitu kabla hatujachelewa: jina la ile chemchemi, jina la baba wa babu, njia waliyopita walipokimbia. Nilimkuta amekaa uwanjani kwenye kiti cha plastiki, koti limefungwa mpaka juu, redio imeegemezwa kwenye sikio.

Nikamsalimia kwa kupiga magoti. Akanishika kichwa, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua ya Kibondo. Nikafungua daftari.

"Baba, nilitaka unisimulie habari za iwacu. Nataka kuandika."

"Habari za nini?"

Nikarudia kwa sauti kubwa.

Akalitazama daftari, akanitazama mimi. "Nitakusimulia," akasema. "Lakini subiri kwanza. Mpira unaanza."

Akasogeza kiti chake kidogo, nikaleta kigoda nikakaa karibu yake, na akageuza redio upande wangu ili nami nisikie. Timu yake ilifungwa mawili bila. Alimlaumu kipa mpaka dakika ya mwisho, kwa uchungu wa kweli, huku jua likitua nyuma ya vichaka na mkono wake mkavu, mwepesi kama jani la mgomba, ukiwa umelala juu ya bega langu. Sikuandika hata neno moja.